Nani Alimwita Koa Mvivu?

Hebu fanya jaribio moja dogo leo. Simamisha wasee watano hapo mtaani, uwaulize slug kwa Kiswahili anaitwaje. Mmoja atacheka. Mwingine atasema "konokono". Ukimwambia kwamba konokono ana nyumba mgongoni na huyu hana, atafikiria kidogo halafu akujibu, "Basi huyo ni konokono ameshindwa kulipa kodi."

Enyewe jibu ni tamu, lakini jina lake si hilo. Anaitwa koa. Mmoja koa, wengi makoa. Neno liko kwenye kamusi tangu zamani, silabi mbili tu, rahisi kutamka, na bado watu wa rika letu karibu wote hawalijui. Tunalijua la Kiingereza. Na hapo ndipo stori inapoanza kuwa kubwa kuliko mnyama mwenyewe, kwa sababu hilo neno la Kiingereza tulilolishika lina historia chafu kidogo, na historia hiyo ilifika mpaka hapa kwetu.

Tusi lilitangulia, mnyama akafuata

Wengi wetu tungedhani mambo yalienda hivi: Waingereza walimwona huyu mnyama akitambaa polepole, wakamwita slug, halafu baadaye wakaanza kuwaita watu wavivu kwa jina lake. Inaingia akilini, si ndio? Kumbe ilienda kinyume kabisa.

Slug lilianza kama neno la kumsema mtu. Mwanzoni mwa karne ya 15 Waingereza walikuwa tayari wanalitumia kwa mtu mzembe, mzito, wa kujikokota. Wanaochimba asili ya maneno hulihusisha na lugha za Skandinavia, ambako kuna maneno ya ukoo huo huo yenye maana ya kuwa mzito na mvivu. Ndugu yake wa karibu ni sluggard, yaani mvivu sugu. Shakespeare alilitumia slug kwenye tamthilia ya Richard III, iliyoandikwa miaka ya 1590. Humo mwanamfalme mdogo analalamika kwamba bwana mmoja anayeitwa Hastings ni slug, kwa sababu amekawia kuleta habari. Hakuna mnyama hapo. Ni mtoto anamsema mtu mzima.

Na mnyama je? Muda huo wote aliitwa snail tu, awe na kombe mgongoni au asiwe nalo. Ni mwanzoni mwa karne ya 18 ndipo anaanza kuonekana kwenye maandishi kwa jina la slug. Piga hesabu. Kwa karibu miaka 300 neno lilikuwa la kuwatusi binadamu, kisha mtu fulani akamwangalia mnyama bustanini, akamkumbuka jirani yake mvivu, na tusi likahamia kwa mnyama. Koa wa Uingereza alibebeshwa jina la mtu.

Kama ulilelewa kanisani, unaijua ile sehemu ya Mithali sura ya 6 ambapo mvivu anatumwa kwa chungu akajifunze kazi. Watafsiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya King James, waliweka sluggard hapo. Biblia hiyo ilisafiri na meli za Waingereza karibu kila mahali walikoenda kutawala. Kwa hivyo hata msomaji ambaye hakuwahi kufungua Shakespeare alilipata neno hilo kanisani, likiwa na uzito wa dini juu yake.

Wengine waliona mate, wengine waliona uchi

Kila lugha ilimwangalia huyu mnyama na ikachagua kitu kimoja cha kumwitia.

Wahispania waliona mate. Kwao ni babosa, kutoka baba, yaani udenda, yale mate yanayomdondoka mtoto mchanga. Na wao pia walichukua neno hilo wakarudi nalo kwa watu: ukiitwa baboso huko Mexico, umeitwa mjinga. Waarabu waliona kitu hicho hicho. Kiarabu humwita bazzaqa, na mzizi wake ni wa kutema mate. Tumekopa maneno mengi sana kutoka Kiarabu, habari, kitabu, wakati, orodha ni ndefu, lakini kwa huyu mnyama hatukukopa. Tulikuwa na letu.

Warusi waliona ute. Slizen ni mnyama, sliz ni ute, na sliznyak ni tusi la mtu dhaifu asiye na msimamo. Wajerumani wao hawana mambo mengi, walisema wanachokiona: Nacktschnecke, konokono uchi. Waholanzi wanasema naaktslak, maana ni ile ile. Warumi wa kale walisema limax, na kutoka hapo Wafaransa wakapata limace na Wareno wakapata lesma. Mwaka 1758 Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga majina ya viumbe kwa Kilatini, alichukua Limax akaliweka kuwa jina la kisayansi la kundi moja la makoa. Mpaka leo linatumika.

Halafu kuna Waswidi wa leo. Kuna aina moja ya koa iliyoenea Ulaya na kumaliza bustani za watu, nao wakaiita mördarsnigel, konokono muuaji. Wadenmark wanasema dræbersnegl, vivyo hivyo. Hajaua mtu. Alichoua ni letusi. Lakini ukimsikia mtu wa huko akilitamka hilo jina, unajua kabisa alivyoamka asubuhi moja akakuta shamba lake limekuwa vijiti.

Sasa tazama hiyo orodha tena. Mate, ute, uchi, muuaji, mvivu. Ni Wajerumani na Waholanzi peke yao waliojaribu kumweleza bila kumsema vibaya, na hata wao wamemvua nguo.

Mvivu ni nani, na nani anasema?

Hapa ndipo ninapotaka tuongee vizuri.

Kumwita mtu mvivu kunasikika kama maelezo tu, kama kusema fulani ni mrefu. Lakini mara nyingi neno hilo hutoka kwa mtu anayetaka kitu kutoka kwako. Na Kenya tuna ushahidi wa wazi kabisa.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwaleta walowezi zaidi na kuwagawia ardhi. Mashamba yalikuwa makubwa na mikono ya kuyalima haikutosha. Waafrika walikuwa na mashamba yao wenyewe, mifugo yao, familia zao. Kwa nini waache kulima chakula chao wakalime kahawa ya mtu mwingine kwa mshahara mdogo? Hilo ni swali la mtu mwenye akili timamu. Lakini katika mazungumzo ya walowezi, mwanamume aliyebaki kwao akilima shamba lake aliitwa mvivu. Amekaa tu. Hana kazi.

Mwezi wa Oktoba 1919, Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowaelekeza maofisa wake, na kupitia kwao machifu, wawasukume vijana watoke kwao waende kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Hata wanawake na watoto walitajwa, kwa mashamba yaliyokuwa karibu. Tayari kulikuwa na kodi ya kibanda tangu 1901, na kodi hiyo ilikuwa na kazi mbili: kuipa serikali pesa, na kumlazimisha mtu atafute kazi ya kulipwa ili aweze kuilipa. Kisha kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kutumika baada ya vita: mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alipaswa kutembea na cheti chenye alama za vidole vyake na rekodi ya waajiri wake, na wengi walikibeba ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni.

Soma hiyo tena polepole. Watu walioitwa wavivu ndio waliotozwa kodi, wakafungwa vyuma shingoni, wakapelekwa kulima mashamba ya watu waliowaita wavivu. Na walipokataa, Machi 1922, wakati Harry Thuku alipokamatwa kwa kupinga kipande, kodi, kupunguzwa kwa mishahara na kazi ya kulazimishwa kwa wanawake, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe. Tarehe 16 wakapigwa risasi. Miongoni mwa waliouawa ni Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewapa wanaume changamoto wasikae kimya. Watu walioamka na kusimama pale siku nzima hawakuwa wavivu.

Sisemi koa alileta ukoloni, tusichekane. Ninachosema ni kwamba njia ni moja. Kwanza kuna tusi. Halafu anatafutwa wa kulibeba. Uingereza alipatikana mnyama ambaye hawezi kujitetea. Hapa Kenya alipatikana mkulima. Na leo ukiwasha redio utasikia mtu mzima akisema vijana wa siku hizi ni wavivu, wanataka vitu rahisi. Kijana huyo huenda ana digrii, anauza mitumba mchana na kuandikia watu kazi za mtandaoni usiku. Kabla hujakubali hilo jina, uliza swali lile lile la 1919: anayeniita mvivu anataka nini kutoka kwangu?

Mfanyakazi wa zamu ya usiku

Halafu hata koa mwenyewe si mvivu. Hilo nalo liwekwe wazi.

Mwili wake ni maji mengi na hana kombe la kumkinga, kwa hivyo jua likiwaka anakauka. Ndiyo maana mchana humuoni. Amejificha chini ya jiwe, chini ya majani, kwenye udongo wenye unyevu. Usiku ukiingia anatoka kazini. Kama mama yako ana sukuma wiki kwenye gunia hapo nje, unajua matokeo ya zamu yake: asubuhi majani yana mashimo na kuna mstari unaong'aa ukutani. Ndiyo sababu watu wengi hunyunyiza jivu kuzunguka miche.

Mababu zake walikuwa konokono. Kwa muda mrefu sana kombe lilipungua, na kwa baadhi ya aina bado kuna kipande kidogo kimebaki ndani ya mwili, chini ya ngozi. Mdomoni ana ulimi wenye maelfu ya meno madogo, kama msasa. Na ule ute ambao Warusi walimtukania? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walitangaza gundi ya kimatibabu waliyoitengeneza kwa kuiga ute wa koa wa Ulaya anayeitwa Arion subfuscus. Inashika hata mahali penye maji na damu, jambo ambalo gundi nyingi hushindwa. Waliijaribu kwenye moyo wa nguruwe ikashika. Kitu kilichofanya lugha nusu ya Ulaya ziseme "yaak" sasa kinafundisha watu kuziba vidonda.

Kutoka risasi hadi linki

Kama unaandika mtandaoni, hili neno la slug unakutana nalo karibu kila siku na pengine hujui. Ile sehemu ya mwisho ya linki, yale maneno machache yenye vistari katikati yanayoonyesha posti inahusu nini, WordPress inaiita slug. Django pia inaiita hivyo.

Ilitoka wapi? Tangu karne ya 17 Waingereza waliita kipande cha risasi, ile ya kufyatuliwa, slug. Mwaka 1886 gazeti la New York Tribune lilianza kutumia mashine mpya ya Ottmar Mergenthaler, inayoitwa Linotype. Fundi alikuwa anabonyeza herufi, na mashine inamwaga madini ya moto na kutoa mstari mzima wa maneno kama kipande kimoja cha chuma. Kipande hicho nacho kikaitwa slug. Kisha kwenye vyumba vya habari, jina fupi la kutambulisha stori kabla haijachapishwa likaitwa slug. Django ilizaliwa ndani ya gazeti, Lawrence Journal-World la Kansas, na ikatolewa kwa umma 2005. Waliokuwa wanaiunda walikuwa wamezungukwa na waandishi wa habari, kwa hivyo neno likavuka likaingia kwenye programu.

Na hapa kuna kitu kilichonifurahisha kweli. Kwenye kamusi za Kiswahili, koa lina maana nyingine pia: ukanda mwembamba wa madini, kama ule wa pambo la mkononi. Lugha mbili, hazijaambiana kitu, na zote zina neno moja kwa mnyama laini na kipande cha chuma kigumu.

Koa wetu, koa wao

Sasa twende mbali, katikati ya bahari ya Pasifiki. Hawaii, koa ni shujaa. Ni askari, ni ujasiri, na ni jina la mti mkubwa ambao walichonga mitumbwi yao. Mfalme Kamehameha, aliyeviunganisha visiwa vyote kufikia 1810, alifanya hivyo kwa nguvu za hao koa wake. Wasamoa na Wamaori husema toa. Kihawaii kiligeuza t kuwa k, ndiyo maana tapu ya Wamaori huko ni kapu. Na kwa Wamaori, koa ni neno jingine kabisa: furaha.

Hakuna undugu kati ya koa hizi na yetu. Kiswahili na Kihawaii zote zina vokali tano na zinapenda silabi zinazoishia na vokali, kwa hivyo maneno mafupi lazima yagongane mahali. Lakini mgongano huu ni mtamu. Sauti ambayo Mombasa ni mdudu wa chini ya jiwe, Honolulu ni shujaa wa vita. Jina peke yake halina aibu. Aibu inaongezwa na watu.

Na kuna uhusiano wa kweli kati ya pwani yetu na Hawaii, ila si wa maneno. Konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, yule wa kwetu kabisa, alipelekwa Hawaii mwaka 1936. Akazaana, akawa balaa mashambani. Mwaka 1955 wakaleta konokono mwingine kutoka Florida ili amle huyo wa kwetu. Badala yake akawala konokono wadogo wa miti wa Hawaii, warembo, wenye makombe ya rangi, ambao Wahawaii huwaita kāhuli na kuwaimba. Panya na kukatwa kwa misitu navyo vikachangia. Tarehe 1 Januari 2019, ndani ya maabara, alikufa konokono aliyepewa jina George. Alikuwa wa mwisho kujulikana wa aina yake.

Ninamfikiria George kila nikiona neno likipotea. Neno nalo hufika mahali likabaki na watu wachache, kisha wazee wawili, kisha kamusi peke yake. Konokono bado yuko salama, na ana jamaa hata Malawi, ambako Wachewa humwita nkhono. Koa ndiye yuko hatarini. Na tukimpoteza, hatubaki bila jina. Tunabaki na lile la Kiingereza, lililozaliwa kama tusi la mtu mvivu, wakati letu halikumtusi mtu yeyote.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Ukimwona leo usiku kwenye sukuma, mwite koa. Mtoto akikuuliza, mwambie koa. Halafu piga simu nyumbani, muulize shosho au guka kwa lugha ya mama anaitwaje huyo mnyama asiye na nyumba, na jina hilo lina maana gani nyingine. Akikupa jibu, liandike mahali, na uniambie. Ninakusanya.